Ndama Hafutwi

Tangu nirudi kutoka Rudewa kwenye msiba wa Kabula sijatia hata nukta moja kwenye daftari langu, na anayenijua anajua hilo si jambo dogo. Walimu wenzangu hapa Kilosa hunitania kwamba siku Izraili akija nitamwomba asubiri kwanza nitazame ukurasa wa wiki. Juzi mwalimu kijana aliyeletwa shuleni kwetu mwaka huu alinionyesha kwenye simu yake wasichana wa nchi za mbali wakichora madaftari ya kupangia maisha: nukta, mishale, vidirisha vya siku, na maua pembeni kwa kalamu za rangi. "Mwalimu, hii kitu ni ya kisasa, ina na jina lake la Kizungu," akaniambia. "Ukiwa nayo husahau." Nikazitazama zile nukta zikipita chini ya kidole chake, nikaanza kucheka, na katikati ya kicheko nikajikuta natafuta leso. Alama hizo nilifundishwa nikiwa na miaka ishirini na moja, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni pale Mikumi, na msichana wa Kisukuma aliyezitoa kwenye zizi la ndama la mama yake. Msichana huyo ndiye tuliyemzika. Leo nauandika mwaka ule mfululizo, bila nukta wala mshale, maana nikianza kuupangapanga nitaukimbia.

Chumba chetu kilikuwa kati ya jiko na tangi la maji. Kilikuwa na vitanda viwili, ndoo mbili, kioo kilichopasuka pembeni, na dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Nikiukumbuka mwaka ule huwa ni asubuhi tu, sijui kwa nini. Ukungu unashuka kutoka milimani unaingia katikati ya mashuka meupe hadi hujui shuka linaishia wapi, na ndani ya weupe huo namwona Kabula akitembea na beseni kichwani, miguu yake haionekani, anaimba wimbo wa kwao usio na mwisho. Malori ya Iringa yakipita barabarani dirisha lilitetemeka kidogo, nasi tulikuwa tumeshazoea, tunanyamaza hadi lipite kisha tunaendelea na neno letu pale tulipoliachia. Harufu ilikuwa ya sabuni ya mche, tangawizi kwenye chai, na maziwa mgando ambayo Kabula aliletewa kwenye kibuyu kutoka kwao Rudewa. Tulikula ugali na maziwa yale tukiwa tumekaa kizingitini, na hadi leo hakuna hoteli iliyonilisha vizuri kuliko kizingiti kile. Sikujua kwamba nina furaha. Nilidhani nangoja maisha yaanze.

Kazi yetu ilikuwa kufua, kufagia, kupeleka maji ya moto vyumbani na kumsaidia Bi Salama, mwenye nyumba, kupika. Kabula aliifanya kwa utulivu kama aliyezaliwa nayo. Mimi nilisahau. Nilipeleka maji ya chumba cha saba chumba cha nne, nikaunguza maharage nikiwa nimesimama palepale karibu nayo, na siku moja nilisahau kumwamsha mgeni wa basi la alfajiri, akaamka mwenyewe jua limeshapanda akanitazama kwa huzuni kubwa bila kunigombeza. Bi Salama yeye aligombeza. "Mwanaidi, hicho kichwa ni chujio la nazi?" aliuliza. "Kila kitu kinapita, machicha tu ndiyo yanabaki." Nilicheka pamoja na wengine, lakini kulikuwa na jambo moja nililosahau ambalo halikunichekesha. Nilikuwa nimefeli hesabu kidato cha nne, na bila hesabu sikuweza kwenda chuo cha ualimu, ambacho nilikitaka tangu nikiwa mtoto ninayewafundisha kuku. Mwaka uliotangulia nilipaswa kwenda Kilosa kujiandikisha nirudie mtihani, na siku zilipita, na nilipokumbuka dirisha la uandikishaji lilikuwa limefungwa. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu, kwamba nilisahau. Nikikosa na mwaka huo, Bi Salama alishaniambia, ningekuwa mfua mashuka wake hadi nizeeke, na alisema kama mtu anayenitakia heri.

Kabula alikuwa mtani wangu. Sisi Wasagara na Wasukuma tunataniana tangu enzi za misafara, ndivyo tulivyokuta wakubwa wakisema, na mtani huna haki ya kumkasirikia. Mimi nilimwita mpagazi wangu, yeye aliniita Msagara mwoga, na tulitukanana kutwa kwa upendo hadi wageni wakadhani tuna ugomvi. Jumapili moja ya Januari, amerudi kanisani, wageni wametoka kwenda mbugani na nyumba nzima imelala kwa joto, alinikuta nikilia juu ya karatasi. Nilikuwa nimejaribu kuandika mambo yote ya kufanya mwaka ule, na orodha ilikuwa ndefu hadi ikaniogopesha. Akaichukua, akaisoma polepole, akatoka. Alirudi na kaunta buku jipya la dukani, akaketi kitandani kwangu bila kuvua kanga ya kanisani.

"Kwetu mama ndiye wa ndama," akaanza, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. "Baba na kaka zangu wanakwenda na ng'ombe, ndama wanachungwa karibu. Asubuhi wakitoka, mama anachukua mkaa anatia nukta kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Ndama mmoja, nukta moja. Jioni akiingia, nukta inapigwa msalaba. Asiyeonekana anachorewa mshale, maana yake kesho tunaanza na huyo."

"Si amkariri tu kichwani?"

"Kichwani kila ndama ameingia," akasema Kabula. "Ndiyo maana fisi wananenepa."

"Na kesho asipoonekana?"

"Mshale wa pili. Halafu wa tatu. Ukishafika wa tatu, basi, unampiga mstari. Fisi kamla, unalia, unalala. Huwezi kutafuta ndama mmoja mwaka mzima na wengine wana kiu." Alifungua daftari ukurasa wa kwanza akauacha mtupu ili tuandike baadaye kitu gani kiko ukurasa gani. Kurasa zilizofuata akazigawa kwa rula kuwa miezi kumi na miwili, halafu juma, halafu siku. Kila jambo la kufanya likawa nukta. Siku zinazokuja zenyewe bila kuitwa, Idi, Krismasi, gulio, tuliziwekea duara. Kistari tulikiweka kwa mambo ya kukumbuka tu, ambayo hayafanywi. "Jioni," akasema, "mama akimaliza kupiga misalaba anasimama mlangoni anasema kwa sauti, haya, wote wameingia. Hapo ndipo tunakula. Hata mvua inyeshe vipi, hatuli kabla hajasema." Kisha akanipa kalamu. Nukta yangu ya kwanza ya mwaka, kwenye Februari, niliiandikia maneno matatu: kwenda Kilosa kujiandikisha. Niliiandika kwa penseli, naye aliona.

Sijui niseme vipi namna siku zilivyobadilika. Mambo yale yale yaliyokuwa yakinizingira kama nyuki yalikaa chini kwenye karatasi, yakangoja zamu yake. Kila jioni kabla ya chakula tulikaa kizingitini tukafungua daftari, mimi nasoma, Kabula anaitikia. Mashuka ya chumba cha pili? Yameingia. Dawa ya mbu? Imeingia. Barua ya mama? Huyo mpe mshale. Hesabu tuliziwekea ukurasa wake, sura moja kwa wiki, na Kabula, ambaye aliishia darasa la saba, alinisikiliza nikimweleza milinganyo huku akichambua mchele. Nikikwama aliniambia, "Rudi nyuma, hapo umempoteza mmoja," na mara nyingi alikuwa sahihi bila kujua kwa nini. Vistari ndivyo vilivyonifurahisha kuliko vyote. Ninavyo bado, wino umefifia. Dereva wa lori asema jana alizima injini robo saa tembo wavuke, na mdogo kabisa akasimama katikati ya barabara kumtazama. Mgeni wa chumba cha tatu anaongea na mkewe kwa simu kwa sauti ya chini na anamwita dada. Bi Salama amesema peke yake jikoni, "Na mimi nilitaka kuwa fundi cherehani." Nyani ameingia chumbani ametoka na sabuni, akaing'ata, akatutazama kwa lawama. Nikivisoma leo naona mwaka mzima umelala humo, unapumua.

Lakini nukta ya Februari ilibaki. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa wageni, nikaiwekea mshale. Wiki ya pili mvua ilinyesha, nikasema barabara ya Kilosa imeharibika, gari litakwama pale kijijini Ulaya, nikaiwekea wa pili. Kawia ufike, nilijiambia, na methali hiyo imeshawaficha waoga wengi. Wiki ya tatu sikuwa na sababu, nilisema tu kichwa kinauma. Ukweli sikuwahi kumwambia mtu: kituo cha uandikishaji kilikuwa shule ile ile niliyosomea, mlango ule ule niliotokea nikilia siku nilipoona alama zangu ubaoni, na nilikuwa naogopa mlango. Mwaka uliotangulia pia sikusahau. Niliikumbuka kila siku hadi ilipopita, ndipo nikapata amani. Basi jioni ile, Kabula yuko jikoni, nilichukua ufutio nikaifuta ile nukta na mishale yake mitatu, maana ile nilikuwa nimeiandika kwa penseli, nikatia nukta mpya safi kwenye wiki ya mwisho kana kwamba jambo ndilo kwanza linaanza.

Kabula akaja, akafungua daftari. Alipitisha kidole mahali pale.

"Karatasi imekonda hapa," akasema.

"Niliharibu mwandiko."

"Mwanaidi." Mara chache aliniita jina. "Ndama hafutwi. Ukimfuta hajarudi, umejifanya tu hukuwahi kuwa naye. Mpige mstari, useme fisi kamla, nitalia na wewe hapa hapa. Au kesho twende. Ila usimfute."

Nilimwambia aniache, kwamba mchunga ng'ombe hajui uchungu wa kufeli. Nilisema hivyo, na si kwa utani, na alijua. Akaenda kupakua chakula. Tulikula bila mtu kusema wote wameingia.

Asubuhi nilimkuta ameshafua mashuka ya siku nzima. Alikuwa amevaa kanga ya kanisani, na siku hiyo, nilikuja kukumbuka njiani, ilikuwa na nukta yake mwenyewe: kwenda kwao kumwona mama yake, ambaye hakuwa amemwona tangu Krismasi. Akamwendea Bi Salama aliyekuwa anakunywa chai. "Shikamoo mama. Naomba ruhusa, huyu Msagara nimemuuza Kilosa, nakwenda kumkabidhi."

"Marahaba. Umeuza shilingi ngapi?"

"Nimewaongezea na kibuyu cha maziwa ndiyo wakakubali kumchukua."

Bi Salama alicheka hadi akamwaga chai, akatupa siku nzima. Njiani hatukuongea sana. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Nakumbuka gari likipanda na kushuka kwenye matope na kichwa cha Kabula kikilala begani kwangu, kizito, chenye harufu ya moshi wa kuni, nami nikitamani barabara isifike. Ilifika. Kwenye mlango wa ofisi miguu ilikataa kabisa. Nilimwambia turudi. Yeye akanipita, akaingia ndani peke yake, na nikasikia sauti yake kubwa ya kuitia ng'ombe: "Jamani, shikamooni! Nina Msagara hapa nje anaogopa mlango! Mlango wenyewe ni wa mbao tu, hata haung'ati!" Watu wakaangua kicheko. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, na aibu ikanisukuma pale ambapo ujasiri ulishindwa. Nilijaza fomu, nikaacha picha zangu mbili, nikatoka na karatasi yenye muhuri. Tulinunua mihogo ya kukaanga, tukakaa kwenye benchi karibu na stendi, akanipa daftari. Nikapiga msalaba. Aliutazama kwa makini kama anayetaka kuhakikisha si wa jirani, akafuta mafuta mdomoni.

"Haya," akasema. "Wote wameingia."

Novemba nilifanya mtihani, na hesabu nikapata alama ya C ambayo nimeipenda kuliko alama yoyote niliyowahi kumpa mtoto. Nilikwenda chuo. Kabula alirudi Rudewa akaolewa, akazaa, akawa na ndama wake. Miaka ilipita kama mashuka kwenye kamba, mengine yakianuliwa mengine yakianikwa. Mimi nikapangiwa Kilosa, na kutoka Kilosa hadi Rudewa ni mwendo wa pikipiki, hata jasho halikauki. Tulitembeleana harusini na misibani. Halafu, mwaka jana baada ya masika, nikaambiwa anaumwa na amerudishwa kwa mama yake auguzwe. Siku hiyo hiyo nilitia nukta: Rudewa, kwa Kabula. Jumamosi nikatia mshale, kulikuwa na kikao. Jumamosi iliyofuata mshale, mitihani ya kusahihisha. Walioniletea habari walisema amekonda, usimtambue, na mimi nikauona ule mlango tena. Sikufuta, nilikuwa nimefunzwa. Niliihamisha tu, wiki hadi wiki, kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri, na kila nilipochora mshale nilihisi kana kwamba nimepiga hatua kumwelekea. Nilimpigia simu. Alisema, "Utakuja lini, Msagara mwoga?" Nikasema wiki ijayo. Akacheka, akakohoa, akasema haya. Nimehesabu mishale ile. Ni kumi na tisa.

Siku ya mazishi nilifika mapema kuliko wote, maana hapo hakuna tena cha kuogopa, na hilo ndilo linaloniuma. Kwenye msiba mtani ana kazi yake: anamkejeli marehemu, anazuia njia, anawachekesha wafiwa wapate kupumua. Watu walipoambiwa nimetoka Kilosa na ni Msagara wakaanza kutabasamu kwa kutegemea. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Nimemfuata mpagazi wangu. Kautua mzigo wangu njiani kaondoka, nani kampa ruhusa?" Wakacheka. Nikaongeza, "Alijua nakuja Jumamosi, kanikimbia makusudi!" Wakacheka zaidi, na hapo sauti ikanikatika, nikaketi chini kwenye vumbi na nguo zangu za ualimu. Nililia kama mtoto aliyepotezwa gulioni.

Jioni, watu wamepungua, mama yake akaja akanishika mkono. Ni mzee sasa, mfupi, mkono wake mgumu kama mpini wa jembe. Kiswahili chake ni kidogo, huwa anakichagua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mtani. Njoo huku."

Alinipeleka jikoni. Godoro alilolalia Kabula lilikuwa limeshaondolewa, na mahali pake palikuwa pamefagiliwa, usawa wa mlango, ili mgonjwa awaone ndama wakiingia. Kwenye mwimo, juu, kulikuwa na nukta za siku ile, mkaa mpya. Chini kabisa, kimo ambacho mtu aliyelala anaweza kukifikia kwa mkono, kulikuwa na waa jeusi, pana kama kiganja, lililosuguliwa hadi mti ukang'aa.

"Huyo ni wewe," mama akasema. "Aliweka nukta. Jumamosi hukuja, akaweka mshale. Akafika mitatu. Nikamwambia, mwanangu, mpige mstari. Akakataa. Akasugua kwa kidole, akaanza upya. Mitatu tena, akasugua. Mkono ulipochoka akasema, mama, futa wewe. Nikamwambia, ndama hafutwi. Akasema, huyu anafutwa."

Katikati ya lile waa kulikuwa na nukta moja na mshale mmoja, wa Jumamosi iliyopita. Nje ndama walikuwa wanaingia, nikasikia kwato zao na kengele ndogo ya mmoja wao, na moshi wa kuni ukapita kati yetu, harufu ile ile ya begani mwangu kwenye gari la Kilosa. Mama alitoka akasimama mlangoni akiwahesabu, akipiga misalaba juu ya mwimo, mmoja mmoja, bila haraka, siku aliyomzika mwanawe. Alipomaliza aliinama, akanipa kipande cha mkaa.

"Piga mwenyewe," akasema.

Nilipiga magoti, kwa sababu ilikuwa chini sana. Nikapiga msalaba. Yeye akauinamia, akautazama kwa makini, kisha akajinyoosha taratibu akigusa kiuno, akatazama nje kwenye zizi na ng'ambo ya zizi, kule kwenye udongo mpya.

"Haya," akasema kwa sauti, kwa ajili ya nyumba nzima. "Wote wameingia."

Ndipo tukala.